KUCHEMSHA MARA MOJA HAKUTOSHI: Nilivyojifunza kutengeneza mbegu ya uyoga bila presha kuka, baada ya kuunguza mtaji na kumkwaza mteja

"Mwanangu, huu uyoga wako mbona unaota wa kijani? Ndiyo aina yenyewe hiyo?"

Hiyo simu nilipigiwa na mama mmoja wa Kibaha, saa moja asubuhi, hata duka sijafungua. Alikuwa amenunua kwangu chupa 12 za mbegu ya uyoga, 3,000 kila moja. Jumla 36,000. Hela yenyewe aliitoa kikoba. Mabua ya mpunga alishanunua, mifuko alishajaza, banda alishajenga kwa maturubai. Akawa anasubiri weupe, ukaja ukijani.

Wadau, mwenye kujua uyoga anaelewa nilivyojisikia. Uyoga wa mamama hauoti wa kijani. Ule ni ukungu. Na ukungu ule haukutokea Kibaha, ulitoka jikoni kwangu Morogoro.

Leo nawaandikia nyie mnaouza mbegu za uyoga mtandaoni, au mnaotaka kuanza, na hamna hela ya presha kuka kubwa. Mimi ni wa kidato cha nne tu, maabara nilizoziona ni za shule. Haya nimejifunza kwa kupoteza hela. Soma mpaka mwisho, usiruke katikati.

KOSA LANGU LILIKUWA WAPI

Nilianza kwa kulima uyoga wenyewe. Ukilima kwenye mabua ya mpunga unayakata, unayaloweka, unayachemsha saa moja au mbili, unayachuja, unapanda mbegu. Basi. Inatoka vizuri. Nikajiona fundi.

Nikapiga hesabu: mbegu nanunua kwa watu, kwa nini nisitengeneze mwenyewe niuze? Mbegu ya uyoga si mbegu kama ya mchicha. Ni nafaka, mtama au ngano, iliyopikwa ikasafishwa, kisha ikajaa zile nyuzi nyeupe za uyoga. Mkulima anachukua hiyo nafaka nyeupe na kuichanganya kwenye mabua yake.

Nikaona ni rahisi. Kama mabua nachemsha saa mbili, mtama nitachemsha saa tano, kitabaki nini hapo? Nikaweka chupa kwenye sufuria kubwa, nikakoleza mkaa tangu asubuhi mpaka mchana. Zikapoa, nikapandikiza, baada ya siku chache weupe ukaanza kuonekana. Nikapiga picha nzuri, nikaposti. Chupa 30 zikaisha ndani ya siku nne. Nikala na soda.

Ambacho sikujua ni hiki. Mabua ni chakula kigumu, hakuna sukari nyingi ya kuwavutia wadudu wadogo. Ukiyachemsha kiasi, uyoga unawahi kuyatawala kabla ya wengine. Nafaka ni kitu kingine. Mtama uliopikwa ni ugali uliokwisha kuiva. Kila bakteria na kila ukungu anautaka. Akibaki hai mmoja tu ndani ya chupa, atakula vizuri kuliko uyoga wako. Kwa hiyo mabua yanahitaji kupunguziwa wadudu, ila nafaka inahitaji kusafishwa kabisa, asibaki hata mmoja.

KWA NINI SAA TANO HAZIKUTOSHA

Hapa ndipo wengi tunapopigwa. Tunadhani kitu kikichemka sana, kila kilichomo kimekufa. Siyo.

Kuna bakteria ambao wakiona hali ngumu wanajifungia ndani ya ganda. Wanalala. Akiwa ndani ya ganda lile, maji ya nyuzi 100 hayamshtui, anaweza kuvumilia saa kadhaa. Na maji kwenye sufuria ya kawaida hayazidi nyuzi 100, hata ukoleze mkaa gunia zima. Utaongeza mvuke, joto litabaki palepale.

Presha kuka yenyewe inabana mvuke, joto linapanda mpaka nyuzi 121 hivi. Kwa joto hilo ganda linashindwa. Ndiyo maana maabara wanatumia mitambo ya namna hiyo.

Sasa sisi ambao presha kuka kubwa tunaiona dukani tu tukaulizia bei tukaondoka, tufanye nini?

Chukulia una mdaiwa wako. Ukienda kumgongea mlango, anazima taa anajifanya hayupo. Hata ugonge saa tano, hatoki. Lakini ukiondoka, kesho yake njaa inamtoa, anakwenda kununua mkate. Hapo ndipo unamkamata.

Bakteria ni hivyohivyo. Siku ya kwanza ukichemsha, walio nje ya ganda wanakufa, walio ndani wanabaki. Ukiacha chupa ipoe na ikae mpaka kesho, wale waliojificha wanaona hali nzuri: kuna unyevu, kuna chakula, kuna joto la kawaida. Wanatoka. Siku ya pili unachemsha tena, wanakufa. Wachache waliochelewa kutoka wanatoka usiku wa pili. Siku ya tatu unawamaliza.

Mbinu hii si yangu na si ya jana. Mwanasayansi mmoja mzaliwa wa Ireland, John Tyndall, aliieleza mwaka 1877. Alisumbuliwa sana na maji ya nyasi kavu, akiyachemsha bado yanaoza. Akagundua kwamba kuchemsha mara kadhaa kwa kupumzisha katikati kunashinda kuchemsha mara moja kwa muda mrefu. Mpaka leo njia hiyo inaitwa kwa jina lake.

NILIJARIBU KWANZA, SIKUUZA

Baada ya ile simu sikuuza chupa hata moja kwa miezi miwili. Nilichukua chupa 10 za mtama. Tano nikazipika mara moja, saa tano mfululizo. Tano nikazipika siku tatu, saa moja na nusu kila siku. Zote sikuzitia mbegu. Nikaziweka juu ya kabati wiki nzima, niangalie tu.

Zile za mara moja, tatu zilichacha. Ukisogeza pua kwenye pamba unasikia harufu ya togwa iliyoharibika, na mtama umekuwa na utelezi. Zile za siku tatu, zote tano zilikaa kama nilivyoziweka. Hapo nikaamini.

Na wewe fanya hivyo. Kabla hujauza, pika chupa chache, usizitie mbegu, ziache siku saba. Zikichacha, ujue upishi wako bado. Bora upoteze mtama wa elfu mbili kuliko kumpoteza mteja.

HATUA KWA HATUA

Andaa nafaka

1. Chagua mtama mzima, mkavu, usio na dawa ya kuhifadhia. Ule wa mbegu za shambani uliopakwa dawa ya rangi usiuguse.

2. Osha mpaka maji yawe meupe. Toa makapi na punje zilizovunjika, zile ndizo zinazoleta uji.

3. Loweka usiku kucha, saa 12 mpaka 24. Hii si ya kulainisha tu. Ni kuwaamsha wale waliolala, ili siku ya kwanza ya mvuke iwakute wengi wako nje.

4. Mwaga maji hayo, weka mapya, chemsha kwa moto mdogo dakika 15 mpaka 20. Ng'ata punje: ndani iwe laini, ganda lisipasuke. Zikipasuka nyingi umeshatengeneza uji, wape kuku.

5. Chuja, tandaza juu ya kitambaa safi au chekecheke, acha mvuke utoke mpaka punje zikauke kwa nje. Bonyeza punje na karatasi ya chooni. Karatasi ikilowa, bado. Maji yanayobaki chini ya chupa ndiyo nyumba ya bakteria.

Jaza chupa

6. Tumia chupa za kioo, ndogo. Mimi sizidishi nusu lita. Chupa kubwa joto linachelewa kufika katikati. Jaza theluthi mbili tu, ubaki na nafasi ya kutikisa.

7. Ziba mdomo kwa pamba iliyokazwa vizuri, juu yake funika na foili, funga na mpira. Pamba inapitisha hewa na kuzuia vumbi. Foili inazuia pamba isilowe, kwa sababu pamba ikilowa ukungu unapita. USIFUNGE kifuniko cha kukaza. Chupa iliyozibwa kabisa inaweza kupasuka jikoni ikakuumiza.

Mvuke siku tatu

8. Chukua sufuria kubwa au pipa safi. Chini weka vipande vya matofali au kichanja cha waya. Maji yawe chini ya kichanja, chupa zisiguse maji. Funika mfuniko, juu weka kitambaa kizito na jiwe dogo ili mvuke usipotee ovyo.

Naomba nisisitize: mvuke uwe na pa kutokea. Kuna vijana wanafunga pipa kwa nati na kulikaza kabisa ili "liwe kama presha kuka". Hilo ni bomu. Presha kuka ina vali ya usalama, pipa lako halina.

9. Anza kuhesabu muda pale mvuke unapotoka kwa nguvu, siyo pale ulipowasha mkaa. Hesabu dakika 90. Weka birika la maji ya moto pembeni, uongezee yasikauke. Ukiongeza maji ya baridi, joto linashuka na hesabu inaharibika.

10. Zima, usifungue mfuniko. Acha zipoe humohumo mpaka usiku. Chupa inapopoa inavuta hewa kwa ndani kupitia pamba. Ukifungua mapema unaiachia ivute vumbi la jikoni.

11. Ziache kwenye joto la kawaida la nyumba. Usiweke kwenye friji! Ukiweka kwenye baridi, wale waliojificha hawatoki, na kesho unapika bure. Hapa joto letu la Morogoro, na nyie wa Dar na Tanga, linatusaidia.

12. Kesho muda uleule, rudia dakika 90. Keshokutwa, rudia tena. Usiruke siku. Ukiruka, waliotoka wanazaliana, na wengine wanarudi kujifungia upya. Umerudi mwanzo.

Wadau wa Mbeya na Lushoto, hapa ni penu. Sehemu za juu maji yanachemka kwa joto dogo zaidi, kwenu ni nyuzi 94 au 95 hivi. Nyie fanyeni saa mbili kila siku. Na kwa sababu usiku kwenu kuna baridi, fungeni chupa kwenye blanketi au boksi zisipoe kupita kiasi.

Kupandikiza

13. Siku ya nne chupa zikiwa zimepoa kabisa, ndiyo unatia mbegu mama. Nunua mbegu mama kwa mtu au maabara unayoiamini, hapa usitafute cha bei chee.

14. Funga madirisha, zima feni, acha vumbi litulie nusu saa. Mimi natumia boksi kubwa la plastiki la kuona ndani, nimelilaza kwa ubavu na kutoboa matundu mawili ya mikono. Hewa ikitulia, vumbi linakaa chini. Nafuta ndani kwa spiriti, naosha mikono mpaka kwenye kiwiko, nafuta tena kwa spiriti. Subiri spiriti ikauke KABISA kabla ya kuwasha moto wowote karibu. Spiriti inawaka haraka kuliko unavyodhani.

15. Chupa moja ya mbegu mama inanitosha chupa 20, kijiko kimoja cha chakula kila moja. Fungua, mimina, ziba. Usiongee wala kupiga chafya humo.

16. Weka sehemu safi yenye kivuli, joto kama nyuzi 24 mpaka 28. Weupe ukifika kama theluthi ya chupa, tikisa uchanganye. Baada ya wiki mbili mpaka tatu chupa inakuwa nyeupe yote.

Na mbegu usiizalishe kutoka chupa kwenda chupa bila mwisho. Mimi nikifika mara tatu naacha, nanunua mbegu mama mpya. Kila mara unapohamisha unabeba na uchafu kidogo, na mbegu nayo inachoka.

JUA DALILI KABLA MTEJA HAJAZIJUA

Nyeupe kama pamba, inanukia uyoga: nzuri.
Kijani, hata doa dogo la ukubwa wa kichwa cha kiberiti: tupa.
Nyeusi: tupa.
Rangi ya chungwa au pinki inayotoa unga: tupa haraka, hiyo inasambaa nyumba nzima kwa hewa.
Punje zenye utelezi, harufu ya kuchacha, maji ya njano chini: ni bakteria, tupa.

Usifungue chupa yenye ukungu ndani ya nyumba. Irudishe kwenye mvuke kama ilivyo, ichemke saa nzima, ndipo uimwage na kuosha chupa. Na usijidanganye kutoa sehemu mbaya kwa kijiko. Ukiona doa la kijani, ujue nyuzi zake zilishatembea muda mrefu kabla hujaliona.

HESABU YA BIASHARA

Hii ni ya kwangu, kwa chupa 20, bei za kwenu zinaweza kuwa tofauti:

Mtama kilo 4: 6,000
Mkaa siku tatu: 6,000
Mbegu mama: 5,000
Chupa zilizotumika: 4,000
Pamba, foili, spiriti: 3,000
Jumla: 24,000

Mzigo wangu wa mwisho nilitupa chupa 2 kati ya 20. Nikauza 18 kwa 3,000, nikapata 54,000. Toa gharama, imebaki 30,000.

Sasa chukulia umefanya haraka ukaharibu nusu. Unauza chupa 10, unapata 30,000, inabaki 6,000 kwa kazi ya zaidi ya wiki tatu. Na hiyo ni kama umetupa mbovu. Ukiziuza, utarudisha hela za watu na jina litakufa. Mtu atasema kuchemsha siku tatu ni kumaliza mkaa. Mkaa wa siku mbili za ziada ni 4,000, sawa na 200 kwa chupa. Kwa mama wa Kibaha pekee nilirudisha 36,000.

KUUZA KWA UAMINIFU

Haya ndiyo masharti niliyojiwekea tangu siku ile:

Siuzi chupa ambayo bado inatembea. Mpaka iwe nyeupe yote, na niiache siku tatu zaidi niitazame tena mwangani.

Kila chupa ina karatasi yenye tarehe ya kupandikiza na namba ya mzigo. Tatizo likitokea najua limetoka kwenye sufuria ya siku gani.

Nampigia mteja picha ya chupa ZAKE, siyo picha ya zamani iliyopendeza.

Nikituma kwa basi, naziweka wima ndani ya boksi lenye magazeti, namwomba kondakta asiweke karibu na injini. Joto kali linaua mbegu. Mteja namwambia saa ya basi kufika ili mzigo usilale stendi juani.

Ndani ya siku saba, ukiona rangi tofauti na nyeupe kabla hujafungua, tuma picha, nabadilisha bila maneno.

Na ile siku ya simu, zile chupa 18 nyingine zilikuwa kwa wateja watano. Watatu walilalamika wenyewe. Wawili walikaa kimya. Nikawapigia mimi. Mmoja akaniambia, "Dada, mi nilidhani nimekosea mwenyewe, nikaacha kabisa." Iliniuma kuliko kurudisha hela. Mtu ameacha kilimo akijilaumu, kumbe kosa ni la kwangu. Kwa hiyo mteja akinyamaza, usiseme ameridhika. Mpigie.

Yule mama wa Kibaha nilimrudishia hela yake yote, ya mwisho nilimtumia baada ya wiki tatu kwa sababu sikuwa nayo. Nikajua nimeshampoteza. Mwezi wa nne akanitumia ujumbe, anataka chupa tano. Nikamjibu nina furaha mno, nikamtumia picha. Akauliza swali moja tu kabla ya kulipia:

"Hizi umezichemsha siku ngapi, mwanangu?"

Nikamwambia tatu. Akalipia.

Haya wapambanaji, kazi kwenu. Kama una mwenzako anayehangaika na chupa za kijani, mtumie hii. Anza na chupa tano, usianze na hamsini.